Shajara ya rafu ya hisabati na fizikia, Nakivale: vitabu tulivyojaribu, vilivyokwama na gharama zake

20 Januari 2024: tunachotaka

Lengo ni rafu moja ya vitabu vya hisabati na fizikia ambayo mtu anayejisomea, asiye na mwalimu wa kila siku, anaweza kuifuata kuanzia hesabu za sehemu hadi mlango wa chuo kikuu. Tuko Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Wengi wetu tulisomea Kongo au Burundi kwa Kifaransa, wadogo zetu wanasoma hapa Uganda kwa Kiingereza, na tukikaa mezani tunaelezana kwa Kiswahili. Waliokuja kwenye kikao cha kwanza wana haja tofauti: vijana wa S4 (mwaka wa nne wa sekondari) wanaoelekea mtihani wa UCE, wachache wa S5 waliochukua PCM (fizikia, kemia na hisabati), dada aliyemaliza sekondari Bukavu na anayetaka uhandisi, na mzee fundi redio ambaye anataka kuelewa kile ambacho mikono yake imekifanya miaka yote.

Naweka shajara hii wazi ili kikundi kingine, kiwe Kyangwali, Kyaka au Kampala, kisinunue mara mbili kitu ambacho sisi tumeshakijua.

Tumekubaliana masharti matatu ya kitabu kuingia rafuni. Kiwe na mazoezi mengi yenye majibu. Kipatikane kihalali, ama kwa kununua nakala iliyotumika ama kwa kuchapa kile ambacho wenyewe wameruhusu kichapwe. Na sura yake ya kwanza isomeke bila mtu wa kuifafanua. Sharti la kwanza ndilo zito. Mwanafunzi wa shule akikosea, mwalimu anamwambia. Anayejisomea akikosea, ni ukurasa wa majibu tu unaoweza kumwambia.

Gharama: mbao, misumari na karatasi ya plastiki ya kuzuia mvua, shilingi 45,000.

11 Februari 2024: Feynman hakufaa kuwa mlango

Kitabu kilichokuwa kikitajwa na kila mtu kilikuwa mihadhara ya mwanafizikia wa Marekani, Richard Feynman, na tulikuwa tumepewa juzuu ya kwanza bure. Tukaanza nacho. Hakikudumu. Kufikia sura za mwendo na kalkulasi (hisabati ya mabadiliko na mteremko wa grafu), waliobaki mezani walikuwa wale ambao tayari walishaisoma fizikia hiyo kwingine.

Sababu ziko ndani ya kitabu chenyewe. Mihadhara hiyo ilitolewa chuo cha Caltech, Marekani, kati ya 1961 na 1963, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili waliochujwa vikali. Juzuu zenyewe hazina mazoezi mwishoni mwa sura. Na Feynman mwenyewe, katika dibaji, alisema hadhani kwamba aliwatendea wanafunzi wake vizuri sana. Nimeinukuu hoja hiyo kwa kila kijana aliyejiona mjinga baada ya kushindwa nacho, maana niliona wawili watatu wameanza kukata tamaa ya fizikia yote kwa sababu ya kitabu kimoja.

Hatukukitupa. Sura ya nne, ya uhifadhi wa nishati, yenye mfano wa mtoto na vipande vyake 28 vya kuchezea, tunaisoma kwa sauti jioni, mmoja akisoma na mwingine akieleza kwa Kiswahili. Hapo kinafanya kazi kubwa. Kwa mwenye intaneti, Caltech imeiweka mihadhara yote isomwe bure mtandaoni. Ruhusa ni ya kusoma tu, siyo ya kupakua wala kuchapa, kwa hiyo isiingie kwenye bajeti yenu ya uchapishaji.

9 Machi 2024: aljebra kwanza

Tulitunga jaribio fupi la kupimia watu: kujumlisha sehemu, kufungua mabano, kuhamisha herufi ndani ya mlinganyo, vipeo na vipeuo. Waliosema wanashindwa na fizikia walikwama hapo. Mtu anaijua kanuni ya v² = u² + 2as, anajua kila herufi inasimamia nini, lakini ukimwomba atoe a peke yake upande mmoja anasimama. Hiyo siyo fizikia, na hakuna kitabu cha fizikia kitakachomtibu.

Kwa hiyo rafu yetu sasa inaanza na Siyavula, vitabu vya hisabati vya Afrika Kusini vya darasa la 10 hadi la 12. Vina leseni huria, unaruhusiwa kuvichapa. Mifano imefumuliwa hatua kwa hatua, mazoezi ni mengi, na majibu yanapatikana.

Uchapaji wa kwanza uliharibika. Ili kuokoa fedha tulibana kurasa mbili kwenye upande mmoja wa karatasi. Maneno yalisomeka, ila vipeo na herufi ndogo za chini hazikusomeka kabisa, hasa kwa taa ya sola: x² na x³ zilionekana sawa. Shilingi 7,600 zikawa karatasi za kufanyia hesabu. Hisabati haibanwi. Chapeni ukurasa kamili wa A4, na kama fedha ni ndogo punguzeni sura, siyo herufi.

Mara ya pili tulichagua sura za aljebra, fanksheni na trigonometria tu, kurasa 180, mjini Mbarara, kwa shilingi 80 kila upande, na 4,000 za kufungwa kwa waya wa plastiki. Nakala moja 18,400, tulichapa mbili.

27 Aprili 2024: koma, nukta na C

Ingizo hili ni refu kwa sababu jambo hili limetugharimu muda kuliko jingine lolote, na sijaliona limeandikwa mahali popote kwa ajili ya watu wa hali yetu.

Aliyesoma kwa Kifaransa huandika desimali kwa koma: 1,250 kwake ni moja na robo. Kitabu cha Uganda kikiandika 1,250 kinamaanisha elfu moja mia mbili na hamsini. Kwenye hesabu ndogo kosa linajionyesha lenyewe. Kwenye fizikia linajificha. Dada wa Bukavu alipewa swali la kanieneo ya hewa: safu ya zebaki ya sentimita 76, densiti 13,600 kg/m³. Akaisoma 13,6. Akazidisha kwa 9.8 na kwa 0.76, akapata kama 101. Akafurahi, kwa kuwa anakumbuka kanieneo ya hewa ni 101. Ni 101 kweli, ila za kilopaskali, yaani paskali 101,000 na kitu. Yeye alipata paskali 101. Jibu lilikosea mara elfu moja na bado likafanana na lile la sahihi. Bila kuandika vipimo katika kila mstari, kosa hilo lisingeonekana.

Sasa ongezeni kwamba Siyavula, ingawa ni cha Kiingereza, hutumia koma ya desimali kama Wafaransa, na nukta kwenye grafu huziandika (2;3) kwa nukta mkato. Vijana wa S4, waliozoea nukta ya desimali, ndio waliochanganyikiwa huko, na wale wa kutoka Kongo wakasoma bila shida. Kila upande una kitabu kinachomtega.

Yako mengine. Kwetu tangenti iliandikwa tg, hapa ni tan. Kipindi cha namba (interval) kilicho wazi pande zote tulikiandika kwa mabano ya mraba yaliyogeuzwa, ]a, b[, hapa ni mabano ya duara, ambayo yanafanana kabisa na nukta ya grafu. Kugawanya kwa mkono kunapangwa kwingine: kigawanyo hukaa kulia kwetu, hapa hukaa kushoto. Na iliyo mbaya kuliko zote ni C ya michaguo. Kuchagua 2 kati ya 5, kwa Kifaransa tunaandika 5 chini na 2 juu. Kitabu cha hapa huweka 5 juu kushoto na 2 chini kulia. Anayesoma kwa mazoea ya upande mmoja anajikuta anachagua watano kati ya wawili.

Dawa yetu ni karatasi moja, pande mbili, iliyobandikwa ndani ya jalada la kila kitabu: safu ya kushoto "ukiona hivi", ya katikati "Kifaransa", ya kulia "Uganda". Tumeiandika kwa mkono kisha tukaitoa fotokopi, 100 kila moja hapa kambini. Kwa gharama hiyo ndogo imefanya kazi kuliko kitabu chochote tulichonunua. Kanuni ya pili tumeiandika ubaoni: hakuna mstari wa fizikia usio na kipimo.

15 Juni 2024: kalkulasi

Tulikuwa tukitafuta kitabu cha kumwingiza mtu kwenye kalkulasi bila hofu, tukakipata cha mwaka 1910: Calculus Made Easy cha Silvanus Thompson. Mwandishi alifariki 1916, kitabu hakina tena hakimiliki, na Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wanakitoa bure. Thompson anasema dx ni kipande kidogo cha x, basi. Anachukua (x + dx)², anafungua mabano, anapata x² + 2x·dx + (dx)², halafu anaonyesha kwa nini kipande kidogo cha kipande kidogo kinaweza kuachwa. Mzee fundi redio alikaa na kurasa hizo wiki nzima na alipotoka alikuwa anatafuta mteremko wa grafu yoyote uliyompa. Nimefundisha miaka mingi kule Uvira na sijawahi kuona kalkulasi ikiingia kwa mtu wa umri ule kwa utulivu namna hiyo.

Mazoezi yapo na majibu yapo. Kulikuwa na vikwazo viwili. Kwanza, namba ambayo leo tunaiandika e, Thompson aliiandika kwa herufi ya Kigiriki ε. Watu walifika sura ya 14 wakadhani ni herufi mpya isiyojulikana. Tumeandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa sura hiyo. Pili, hakupita njia ya limiti, na mtihani wa UACE, wa mwisho wa A-level, unaweza kumtaka mtu atafute derivativu (kanuni ya mteremko) kwa kuanzia mwanzo kabisa, kwa limiti. Kwa hiyo baada ya Thompson mtu anahamia Pure Mathematics cha Backhouse na Houldsworth, kitabu cha kwanza, ambacho kimelea vizazi vya A-level Uganda na kina majibu nyuma. Anayekianza Backhouse bila Thompson anasoma polepole sana. Anayekianza baada yake anakwenda.

Calculus ya Gilbert Strang, iliyowekwa bure na MIT, tumeihifadhi kwenye simu kwa ajili ya dada wa uhandisi. Ni nzuri na ni nene, hatukuichapa.

Gharama: Thompson 27,000 pamoja na kufungwa. Backhouse iliyotumika, kutoka Kampala, 30,000, na nauli ya kifurushi kwenye basi 5,000.

3 Agosti 2024: Nelkon mbili, na lenzi

Kwa fizikia ya A-level hapa Uganda utaambiwa Nelkon na Parker, Advanced Level Physics. Ushauri ni sahihi. Kinachosahaulika ni kuuliza toleo gani. Kitabu kilitoka mara ya kwanza 1958. Mfumo wa SI, wa kimataifa wa vipimo, ulipitishwa 1960 na ukachukua miaka kuingia mashuleni, kwa hiyo matoleo ya mwanzo yanahesabu kwa sentimita, gramu na sekunde. Mtu wa kutuletea vitabu alitununulia la zamani kwa 35,000, safi, halijachanika, kumbe ndani ni dyne na erg, vipimo vya zamani vya kani na nishati.

Kwenye mekanika na joto linaokoleka. Tulitengeneza jedwali: newtoni 1 ni dyne 100,000, jouli 1 ni erg 10,000,000, kalori 1 ni kama jouli 4.2. Kwenye umeme na sumaku haliokoleki, kwa sababu hapo siyo vipimo tu vilivyobadilika, kanuni zenyewe zimeandikwa kwa sura nyingine: ile 4πε₀ ya sheria ya Coulomb, ya kani kati ya chaji mbili, haimo. Kijana akijifunza kanuni ya zamani halafu akaweka ndani yake kulombu na mita, anapata uchafu. Sura hizo tumezifunga kwa uzi ili zisisomwe, na tukanunua toleo la SI kwa 60,000. Mkinunua kwa simu, mwambieni muuzaji afungue sura ya umeme na awasomee vipimo kabla hamjatuma fedha.

Mtego wa pili ulikuwa mwanga. Nelkon anafuata kanuni ya "halisi ni chanya": 1/v + 1/u = 1/f, ambapo u ni umbali wa kitu, v wa taswira na f wa fokasi. Tuliofundishwa kwa Kifaransa tunapima umbali kwa alama kutoka kwenye lenzi, kitu kilicho kushoto kina umbali hasi, na mlinganyo wetu una alama ya kutoa: 1/v − 1/u = 1/f. Vitabu vya NCERT vya India, vinavyopatikana bure na ambavyo vijana wa S5 walikuwa wamevipakua, vinafuata huo wa pili.

Kila njia ni sahihi ikibaki peke yake. Chukueni lenzi mbinuko yenye f = 10 cm, kitu kiko 15 cm. Kwa Nelkon: 1/v = 1/10 − 1/15 = 1/30, taswira iko 30 cm. Kwa NCERT: u = −15, basi 1/v = 1/10 + 1/(−15) = 1/30, yaleyale. Lakini kijana mmoja alichukua mlinganyo wa NCERT akaweka u = 15 bila alama, kama Nelkon. Akapata 1/v = 1/6, taswira 6 cm. Halafu akaja na malalamiko kwamba majibu ya kitabu yamekosewa.

Tulichofanya ni kumpeleka kwenye mchoro wa miale. Lenzi mbinuko haiwezi kuleta taswira halisi ya kitu halisi karibu kuliko fokasi yake. Sentimita 6 haliwezekani hata kabla ya hesabu. Sasa tunadai mchoro kwanza, hesabu baadaye, na kila mtu achague kanuni moja ya alama na aiandike juu ya daftari lake. Kwa wanaofanya UACE tunashauri ile ya Nelkon.

24 Agosti 2024: pendulumu

Vitabu bila vitendo vinachosha, na mtihani wa fizikia wa UACE una karatasi nzima ya vitendo. Uzi wa mita 1, jiwe, simu ya kupimia muda. Mizunguko 20 ilichukua karibu na sekunde 40, kama T = 2π√(l/g) inavyotabiri, T ikiwa muda wa mzunguko mmoja na l urefu wa uzi. Mjadala mkali ukazuka kuhusu g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, maana kitabu kinasema 9.81 na wengine walikuwa wamesoma kwamba karibu na ikweta ni kama 9.78, na Nakivale iko karibu sana na ikweta. Yote mawili ni kweli. Ila kidole kwenye simu kinachelewa kama sekunde 0.2, hiyo ni nusu asilimia ya muda, na kwa kuwa T inaingia kwenye mraba, asilimia 1 ya g, yaani 0.1 hivi. Uzi wetu hauwezi kutofautisha 9.78 na 9.81. Vijana walikubali hilo kwa uzito ulionifurahisha. Hakuna gharama.

12 Oktoba 2024: majibu yahamishwe

Sharti letu la kwanza lilileta shida yake. Kitabu chenye majibu nyuma kikiazimwa nyumbani, wengine wanaanza na majibu. Madaftari yalirudi yamejaa na vichwa vitupu. Ukimwomba mtu afanye upya ubaoni hajui aanzie wapi. Tulijaribu kuficha majibu kabisa. Ikawa mbaya zaidi: watu walirudia kosa lilelile kurasa nyingi bila kujua.

Tulichotulia nacho: katika vitabu tulivyochapa wenyewe, majibu yamefungwa kijitabu cha pembeni kinachokaa rafuni. Unaleta daftari lenye kazi, unalinganisha hapo hapo, kosa unaliandika upya kwa maneno yako. Katika vitabu vya kununua hatukati kurasa. Tunafunga sehemu ya majibu kwa bahasha ya karatasi ngumu. Pembeni ya rafu tumebandika hatua nne za Pólya kutoka How to Solve It, kitabu cha 1945: elewa swali, panga njia, tekeleza, kisha rudi nyuma ukague. Hatua ya nne ndiyo iliyokuwa haifanywi na mtu, na ndiyo ambayo ingemwokoa yule wa sentimita 6.

Jambo moja kwa wanaochapa OpenStax, vitabu huria vya Chuo Kikuu cha Rice: kwenye University Physics majibu ya nyuma ni ya maswali ya namba witiri tu. Mkipanga kazi ya wiki chagueni 1, 3, 5 na kuendelea. Pia College Physics ina zaidi ya kurasa 1,000. Kwa shilingi 80 kila upande hiyo ni zaidi ya 80,000 kwa nakala moja, na wino mwingi ni wa picha. Tulichapa sura za kani, nishati, mawimbi na sakiti za umeme peke yake.

Vijana wa S4 wako mtihanini sasa. Mwaka huu ndio wa kwanza UCE kufanywa kwa mtaala mpya ulioanza 2020, wenye maswali ya hali halisi za maisha, kwa hiyo fizikia ya Abbott, kitabu cha O-level tulichokitumia, inawapa maarifa lakini haiwapi mtindo wa swali. Tulilazimika kutunga maswali wenyewe: tangi la maji la kambi, paneli ya sola, mteremko wa njia ya boda.

18 Januari 2025: rafu ilivyo, na kinachofuata

Mpangilio wa kusoma kwa sasa: Siyavula (aljebra), Thompson, Backhouse kitabu cha kwanza, na kwa fizikia Abbott, kisha OpenStax kwa maelezo pamoja na Nelkon ya SI kwa mazoezi. Fizikia haiguswi hadi sura ya milinganyo ya Siyavula iishe. Feynman ni wa jioni.

Majalada ya karatasi yameshindwa na vumbi na mvua za Machi hadi Mei. Tumeyavika turubai lililochakaa, tukashona kwa uzi wa viatu. Fundi alitutoza 2,000 kila kitabu na bado yanashika.

Pengo kubwa liko kwenye karatasi ya pili ya hisabati ya UACE, yenye takwimu, mekanika na njia za kukadiria kwa namba. Backhouse haitoshi huko. Kwa mekanika tunatafuta Applied Mathematics cha Bostock na Chandler. Muuzaji wa Kampala anataka 50,000 kwa nakala iliyotumika, na mfuko una 38,000. Njia za kukadiria tunaanza kuziandika wenyewe kwa Kiswahili, tukianzia na ile ya Newton na Raphson, na dada wa Bukavu ndiye anayeshika kalamu. Sura yake ya kwanza itawekwa kwenye ingizo lijalo pamoja na majibu.